Neno la Mwisho ni la Ersilia

Castellammare, 3 Machi 1957

Shangazi yangu Ersilia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Buenos Aires, na ule mguu wako wa kushoto umeacha visa. Sisi huku tupo. Mama bado anagombana na magoti yake kila anapopanda ngazi za mtaani kwetu, lakini hataki mtu amsaidie kwenda sokoni. Anasema tutamletea mboga za jana. Baba yuko kule kule kwenye karakana ya meli. Wiki iliyopita waliishusha majini meli waliyoijenga mwaka mzima, na hakuja kula mchana. Alisimama gatini akiitazama mpaka ikawa nukta. Anakusalimu sana.

Mimi nashona kwa Bi Olimpia, na hapo ndipo habari yangu inapoanzia. Kaa kitini kwanza, Shangazi. Wanakuja kutengeneza filamu hapa kwetu, ya kuonyeshwa nchi nzima. Na filamu yenyewe ni mchezo wenu, *Wachumba wa Miaka Ishirini*.

Mwongozaji anaitwa Bwana Tassinari, ametoka Roma. Aliingia dukani kutafuta mafundi wa mavazi, akakaa juu ya meza ya kukatia vitambaa na kutusimulia hadithi yote. Mimi nilikuwa na miaka kumi mlipoacha kuucheza, na kila mara usingizi ulinichukua juu ya sanduku la nguo nyuma ya pazia. Kwa hiyo niliusikia kama mgeni. Saverio na Carolina wanamwoza binti yao. Yanatafutwa makaratasi ya kanisani, kumbe padri aliyewafungisha wao ndoa hakuwa padri, alikuwa mlinzi wa kanisa aliyeiba kanzu! Miaka ishirini, watoto watatu, na hawajaoana. Mtaa mzima unamiminika nyumbani kwao, na badala ya kuwapa pole unawaonea wivu. "Watu wawili pekee walio huru katika mji huu!" Bi Olimpia, ambaye mumewe unamjua, alicheka mpaka akajichoma sindano. Katika nchi hii ndoa ina mlango wa kuingilia tu. Halafu Carolina anavua aproni, anakaa dirishani, anamwambia mumewe: "Bwana, mimi na wewe hatujuani. Ukinitaka, njoo unichumbie kama watu."

Mwishoni mume anapiga magoti: "Carolina, utakubali kuolewa nami?" Hapo Bwana Tassinari akanyamaza. Tukamwuliza, "Haya, akajibu nini?"

Akasema, "Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Kitabuni hakuna jibu. Pameachwa peupe."

Alimwendea Mjomba Amedeo, mumeo, aliyeuandika mchezo, na Mjomba akamwambia: "Neno lile halikuwa langu. Lilikuwa la mke wangu. Kila tulipocheza alisema alilotaka, na mimi pale chini kwa magoti sikujua litakalokuja."

Shangazi, ni kweli? Ulikuwa unasimama mbele ya watu wote wale na kuamua palepale? Siku tatu sasa nikishona nafikiria jambo hilo, mpaka nimeshona mkono mmoja wa gauni ndani nje.

Mjomba hataki kutia sahihi mkataba wa filamu hadi utakapotoa neno. Amenituma nikuandikie. Yeye mwenyewe, anasema, hana haki hiyo.

Mpwa wako,
Loreta

*

Buenos Aires, 27 Machi 1957

Loreta mwanangu,

Marahaba. Mguu haujambo, ni mvua za Machi zinazoukumbusha uzee. Mama yako mwambie apake mafuta ya kafuri na aache kiburi. Hapa mtaani La Boca nina wateja wa kutosha. Mwezi huu nimeshona magauni matatu ya harusi kwa wasichana wa Kigenova, na wote watatu walilia wakati wa kupima, sijui kwa furaha au kwa sababu nyingine. Kaka yangu mwambie salamu zake zimefika, ingawa najua aliyezitunga ni wewe. Tobia hajaniandikia mstari mmoja tangu nipande meli miaka kumi iliyopita.

Ndiyo, ni kweli. Tuliucheza mchezo ule mara mia mbili na kumi na nne, kuanzia Salerno mpaka Bari, na Amedeo hakujua jibu hata mara moja. Siku nyingi nilisema ndiyo. Siku ambazo asubuhi alikuwa amenikera, nilisema hapana, na watu wakarusha kofia juu kwa vicheko kwa jinsi uso wake ulivyoporomoka. Uso ule haukuwa wa kuigiza. Ndiyo maana watu walirudi kututazama mara mbili, mara tatu.

Lakini neno la kumpa huyo bwana wa Roma sina. Waandike wapendavyo. Usiniulize tena jambo hili. Niandikie habari za nyumbani.

Shangazi yako,
Ersilia

*

Castellammare, 14 Mei 1957

Shangazi yangu,

Shikamoo. Habari za nyumbani ulizotaka ni hizi: tumemtembeza Mtakatifu Catello mjini, wabebaji wakagombana kwenye kona ile ile ya kila mwaka, na Mama alipanda mpaka kanisani kwa miguu yake mwenyewe, akarudi akiwa amenuna kwa maumivu na kujisifu. Kafuri ameikubali. Baba anakusalimu.

Nisamehe, lakini lazima niendelee. Watu wa filamu wamefika na malori manne. Wametandaza nyaya nene kama mikono ya wapiga makasia, kutoka ngazi za juu mpaka kwenye bomba la maji. Taa moja tu waliyoijaribu ilifanya ukuta wa nyumba yetu, ule wenye ukungu, ung'ae kama madhabahu. Wanawake walitoka barazani na mabakuli yao ya maharage mikononi, wakasimama wakiutazama ukuta waliouona maisha yao yote.

Bwana Tassinari aliwauliza wazee kama kuna aliyewahi kuuona mchezo. Mzee Aniello, fundi viatu, akainua mkono.

"Mimi niliuona mara ya mwisho, hapa hapa mjini," alisema. "Siku ile yule mama hakusema kitu. Mume kapiga magoti, kauliza, na yeye kimya. Akamtazama, akamtazama. Kisha akashuka jukwaani, akapita katikati yetu sisi, akatoka kwa mlango mkubwa. Bwana we! Tulisimama watu wote, tukapiga makofi mpaka mikono ikafa ganzi. Hadi leo nikikumbuka, nywele zinanisimama. Na nywele zenyewe sina."

Bwana Tassinari aliruka. "Huo! Huo ndio mwisho wangu!"

Nilikwenda mbio kumwambia Mjomba Amedeo. Siku hizi anafanya kazi kwenye chemchemi za maji ya dawa, anawagawia wagonjwa glasi.

"Mjomba, wamepata mwisho."

"Upi?"

"Ule wa Shangazi kuondoka kimya."

Aliiweka chini glasi aliyokuwa akiisuuza. "Kawaambia nani?"

"Mzee Aniello."

"Basi mwambie bwana wako, hata akinijengea kanisa lenye jina langu, ule haupati."

"Lakini Mjomba, watu waliupenda! Ndio uliokuwa mzuri kuliko—"

"Loreta." Hajawahi kuniita kwa sauti ile. "Ule haukuwa mchezo."

Akanigeuzia mgongo, akaendelea kusuuza glasi ambayo ilikwisha kuwa safi.

Nikamwuliza Baba. Alikuwa anakula. Akainuka na sahani yake, akaenda kumalizia chakula barazani kwa kusimama, na aliporudi akasema hiyo ni habari ya waliokuwapo. Shangazi, nini kilitokea siku ile?

Loreta

*

Castellammare, 20 Juni 1957

Shangazi,

Shikamoo. Wiki ya tano sasa sijapata jibu. Kama nilikukosea adabu, nichape kwa maneno lakini usininyime barua.

Wameanza kupiga picha bila kuwa na mwisho. Carolina anaigizwa na Alba Serventi. Gauni lake nimelibana kiunoni kwa mikono yangu hii. Ni mfupi kuliko anavyoonekana kwenye mabango, na ananuka vitunguu kwa sababu anapika mwenyewe kwenye jiko la mafuta ndani ya lori. Lakini kamera ikimgeukia, sijui nikuelezeje. Kitu kinawaka. Hata mbwa wa mtaani wananyamaza.

Jana aliniuliza, "Wewe ndiye mpwa wa yule aliyecheza kwanza? Mwulize basi. Mimi siwezi kujifunza njia isiyo na mwisho."

Wote wazima. Mama ametuma busu. Mjomba amekonda.

Loreta

*

Buenos Aires, 9 Julai 1957

Loreta mwanangu,

Marahaba. Hukunikosea. Niliianza barua hii mara nne, na mara zote nne niliichoma jikoni. Hapa ni baridi, wateja ni wachache, nina muda. Leo sitauliza habari ya mtu, nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu.

Unamkumbuka Gioacchino wangu? Ulikuwa unamfundisha kuruka ngazi mbili mbili. Alishikwa na homa ya koo Januari ile ya mwaka arobaini na saba. Dawa tuliyoambiwa tuitafute haikupatikana mjini, na ilipopatikana Napoli, Tobia baba yako ndiye aliyeifuata, akaileta asubuhi ya Ijumaa ameibana kifuani kama yai. Alichelewa kwa saa mbili. Huenda hii ndiyo sababu haniandikii. Siku zote nilidhani ananilaumu kwa kumwacha mume. Sasa naandika, nafikiri labda anajilaumu yeye.

Gioacchino alikuwa na miaka sita. Tulimzika Jumamosi. Jumapili alasiri kulikuwa na mchezo. Ukumbi ulikuwa umejaa, mabango yalikuwa yamebandikwa, na kikundi kilikuwa na watu kumi na mmoja waliotutegemea. Wale waliokaa kwenye viti wengi walitoka mitaa ya mbali, hawakujua. Amedeo aliniambia, "Tucheze, Ersilia. Tusipocheza tutafanya nini, tutazame kitanda?" Nikavaa. Nikacheza. Nilisema kila neno mahali pake, na watu walicheka kila mahali wanapopaswa kucheka, na mimi nilisikia vicheko vyao kama mtu anayesikia mvua akiwa ndani ya nyumba nyingine.

Kisha akapiga magoti, akauliza. Nikatafuta neno. Sikuwa na ndiyo, sikuwa na hapana. Nikashuka, nikapita katikati yao, nikatoka. Nikiwa uani nilisikia makofi. Yalikuwa marefu kuliko yote tuliyowahi kupata.

Hilo ningelisamehe. Watu hawakujua. Lakini Jumanne Amedeo alikuja nikiwa nakunja nguo za mtoto, akasimama mlangoni, akasema: "Ule ukimya, Ersilia. Turudie. Tuufanye kila siku." Nikafunga sanduku. Mwezi wa tatu nilikuwa baharini.

Sasa unajua. Mwambie Bwana Tassinari kwamba ukimya wangu ni wa mwanangu na hauuzwi. Na ikiwa Amedeo kweli amekataa kuuuza, basi mwambie nimesikia.

Lakini huyo Alba Serventi anayepika vitunguu amesema kweli, haifai kumwacha mwanamke mwenzangu njiani. Nitampa neno. Kulikuwa na siku moja kule Salerno, mwaka wetu wa kwanza, kabla ya mtoto, kabla ya vita. Amedeo alipouliza, nilimjibu: "Niulize kesho." Amedeo ambaye hajawahi kupotea jukwaani alipotea. Alibaki mdomo wazi, kisha akaanza kucheka, akicheka yeye mwenyewe na si Saverio, na ukumbi mzima ukacheka naye hadi pazia likashushwa. Asubuhi yake, kwenye nyumba ya kupanga, alikuwa ananyoa. Alitoka na povu usoni, akapiga magoti mbele ya mwenye nyumba na wapangaji wote na kahawa zao, akaniuliza tena. Sijawahi kuwa na furaha kama asubuhi ile.

Mpe neno hilo. Limetoka siku njema.

Ersilia

*

Castellammare, 25 Agosti 1957

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako niliisomea chemchemini, nimekaa kwenye benchi la wagonjwa, na mama mmoja mgeni aliniletea glasi ya maji bila kuuliza kitu. Gioacchino namkumbuka. Nilikuwa namkumbuka siku zote, nikadhani haturuhusiwi kumtaja.

Mjomba nilimpa karatasi aisome mwenyewe. Alisoma kwa kusimama. Akaikunja, akanirudishia, akaniambia, "Nenda kawaambie wawashe taa zao." Jioni ile ile alitia sahihi.

Tukio lile walilipiga tarehe kumi na saba, saa tano asubuhi, hapa hapa mtaani. Mtaa mzima ulikuwa umealikwa kucheza mtaa. Mama alikaa kwenye ngazi ya nne na shela yake nzuri. Alikataa kuambiwa aangalie wapi. Watu mia nne, Shangazi, kwenye madirisha, kwenye mabaraza, juu ya mapaa, na hakuna aliyeambiwa jibu litakuwa lipi. Bwana Tassinari alitaka nyuso zao ziwe za kweli. Mwigizaji wa mume naye hakuambiwa. Tuliojua tulikuwa wanne: mimi, Mjomba, Bwana Tassinari na Alba.

Ving'ora vya karakana walivizuia kwa dakika kumi. Fikiria mji huu bila karakana. Nilisikia kitu ambacho sijawahi kukisikia tangu nizaliwe: maji ya bomba yakidondoka mwisho wa ngazi.

Mume akapiga magoti kwenye mawe. Akauliza. Alba akamtazama. Alikaa kimya kidogo, na Mjomba, aliyekuwa karibu nami nyuma ya kamera, alinishika mkono hadi ukaniuma. Kisha Alba akasema, taratibu, kama mtu anayeonja chumvi:

"Niulize kesho."

Yule mwigizaji alibaki mdomo wazi. Na hapo, Shangazi, kutoka kwenye dirisha la ghorofa ya tatu, mwanamke mmoja ambaye hakuandikwa popote akapiga kelele: "Vizuri, Carolina! Msumbue!" Mtaa ukalipuka. Watu walicheka, wakalia, wakakumbatiana. Mzee Aniello alimgeukia mkewe aliyeishi naye miaka arobaini akamwambia, "Na wewe je?" Mkewe akamjibu, "Mimi kesho nina nguo za kufua." Yote hayo yaliingia kwenye kamera. Bwana Tassinari hakusema "simamisha", alikuwa amesahau. Kamera iliendelea mpaka utepe ukaisha.

Nimeshona maisha yangu yote, nikidhani ninajua kitu kinavyotengenezwa. Siku ile sikujua. Neno moja ulilolisema Salerno kabla sijajua kutembea limetoka kwenye kinywa cha mwingine, na mji mzima ukatikisika.

Mjomba hakucheka wala hakulia. Alikwenda kukaa kwenye ngazi karibu na Mama, na Mama, ambaye hakumsemesha kwa miaka kumi, alimsogezea sehemu ya shela aikalie.

Kuna jambo jingine, lakini hilo nimeapishwa.

Loreta

*

Buenos Aires, 2 Desemba 1957

Loreta,

Nimeisoma barua yako ya Agosti mpaka mikunjo imetoboka. Nimemsomea jirani yangu Bi Pura, ambaye hajui lugha yetu, naye alilia. Lakini tangu hapo kimya. Miezi mitatu! Uliapishwa nini, na nani? Mama yako mzima? Tobia? Ukinyamaza hivi mimi nawazia vifo tu.

Shangazi yako

*

Castellammare, 27 Desemba 1957

Shangazi yangu,

Shikamoo, na heri ya Krismasi. Hakuna aliyekufa. Nilinyamaza kwa sababu sijui kudanganya kwa kalamu, na barua hii ikikufikia utakuwa umekwisha kujua nilichokuficha.

Filamu imeonyeshwa hapa juzi. Watu walianza kupanga mstari saa nne asubuhi na viti vyao wenyewe, maana walijua vya ukumbini havitatosha. Nilidhani nitachoka kutazama, maana nilikuwapo kila siku. Taa zikazimwa, na pale ukutani ukatokea mtaa wetu, mkubwa kuliko mtaa wenyewe. Kamba ya nguo zetu. Ngazi zetu. Watu walikuwa wanaitana majina: "Yule wewe! Yule mimi!" Kisha wakaacha kuitana. Walipofika kwenye swali la mwisho, kila mtu mle ndani alikuwa analijua jibu, na bado hakuna aliyepumua.

Mama alipojiona kwenye ngazi ya nne, uso wake mpana kama mlango, alifanya ishara ya msalaba. Akaninong'oneza, "Nilikuwa sijui ninafanana na mama yangu hivi."

Jina lako lipo, Shangazi. Mjomba aliweka sharti hilo kwenye mkataba. Limeandikwa peke yake, baada ya jina lake: *na neno la mwisho la Ersilia Cascone*. Ukumbi ulisimama. Safari hii walijua wanasimama kwa ajili ya nani, maana Mzee Aniello alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akiwaambia habari ya Gioacchino, akiomba radhi kwa makofi yake.

Baba hakusimama. Alikuwa ameinama na kofia usoni. Leo asubuhi amenyang'anya kalamu yangu, na yanayofuata ni ya mkono wake.

*Ersilia. Ni Tobia. Siku ile ya dawa treni ilisimama Torre kwa saa mbili, njia ilikuwa imeharibika. Nilitaka kushuka nikimbie. Sikushuka. Ningeshuka. Kaka yako.*

*

Buenos Aires, 12 Januari 1958

Loreta mwanangu, Tobia kaka yangu, na nyote,

Marahaba, na salamu kwa kila mmoja wenu kwa jina lake. Naanza na wewe, Tobia. Kutoka Torre hadi kwetu ni mwendo wa zaidi ya saa mbili, hata kwa kijana anayekimbia. Nimehesabu. Ungefika umechelewa vile vile, na miguu imechubuka. Weka chini mzigo huo, kaka. Sikuwahi kukutwika mimi.

Mtu uliyeapishwa usitaje safari yake, Loreta, alikuja tarehe ishirini na mbili ya Desemba, jua la saa nane mchana, joto la kukausha mate. Nilikuwa nampima gauni binti wa mwokaji mikate, mdomo umejaa pini. Binti akasema, "Mama, kuna mzee mlangoni." Nikageuka. Amedeo, amevaa suti ya sufi katika joto lile, kofia mkononi, mvi kichwa kizima. Na mimi siwezi kusema neno, pini kumi na mbili mdomoni! Nilizitoa moja moja. Alisubiri.

Halafu akaanza kukunja goti.

"Usithubutu," nikamwambia. "Goti hilo likigoma nani atakunyanyua? Na leo sitaki kuulizwa. Miaka yote umeuliza wewe. Leo nauliza mimi."

"Uliza, Ersilia."

"Jumapili ile, Amedeo. Wewe ulilia wapi?"

Binti wa mwokaji alikuwa juu ya kigoda, upande mmoja wa gauni umeshonwa na mwingine unaning'inia, hathubutu kushuka.

Aliniambia. Watu walipoondoka aliingia kwenye shimo la mnong'onezaji, yule anayewakumbusha waigizaji maneno, chini ya jukwaa, akajifunika kwa mbao. Alikaa humo mpaka mfagiaji akagonga kwa ufagio akidhani ni paka. Halafu akasema jambo ambalo sikuwahi kuliwaza, si katika meli, si katika miaka kumi ya kukaa peke yangu hapa.

"Tulimzika tukiwa watu saba, Ersilia. Saba, na mvua. Kisha Jumapili wewe ukatoka, na watu mia nne wakasimama. Mimi niko pale chini kwa magoti nawaona wote wamesimama, wengine wanalia. Hawakujua, lakini walisimama kwa ajili yake. Nilitaka wasimame tena. Kila siku. Sikujua namna ya kukuambia, nikasema kama mwigizaji. Ni lugha pekee niliyokuwa nayo."

Nilikuwa nimeijua Jumapili ile kama ninavyoijua mikono yangu. Nimeilala, nimeiamka, nimeishonea magauni ya watu. Kumbe nilikuwa nimeishika nusu tu, na nusu nyingine alikuwa nayo mtu aliyekuwa anasuuza glasi ng'ambo ya bahari. Nilikaa chini palepale sakafuni katikati ya vitambaa. Yeye naye akakaa. Binti wa mwokaji akaenda kwao na pini zake, akaturudishia gauni Jumatano.

Usiulize kama tumepatana. Kisheria hatukuwahi kuachana, nchi yetu haikuacha mlango huo, na hilo limemchekesha Bi Pura siku tatu. Amedeo analala chumba cha mbele. Anamsemesha kila mteja na kunichelewesha kazi. Jana alinitajia jina la Gioacchino mezani, kwa sauti, na mimi nikalijibu, na tukaongea habari zake mpaka mchele ukaungua.

Tumekata tiketi za meli inayoondoka tarehe nne Machi. Tutashuka Napoli. Waambie watu wa mtaani wasije gatini na tarumbeta, nawajua. Ninyi njooni. Tobia, wewe njoo mbele ya wote. Lakini tukifika Castellammare mtupishe kidogo, twende kwanza makaburini, mimi na Amedeo tu. Kila mmoja wetu amesimama pale peke yake. Pamoja hatujawahi, tangu siku ile ya mvua. Chakula mtatupa tukirudi.

Ersilia